Mwanafunzi alisome shairi kabla ya kutafuta dhamira

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie walimu wenzangu wa Kiswahili, wazazi, na hasa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wa hapa Dar es Salaam, kuhusu namna tunavyohakiki mashairi. Insha nyingi ninazosahihisha zinafanana hata pale waandishi wake walipopewa mashairi tofauti: aya ya dhamira, aya ya ujumbe, aya ya migogoro, kisha muundo, mtindo na tamathali za semi, kila kipengele kikifuatwa na mfano mmoja ulionakiliwa kutoka kwenye desa la tuisheni, yaani muhtasari wa kukariri. Mwanafunzi huyo anayajua majina ya vipengele, na hilo si jambo dogo, lakini ukimwuliza shairi lenyewe linasema nini, na linalisemaje, hunyamaza.

Niruhusu nitumie ubeti nilioutunga kwa ajili ya darasa, kuhusu eneo la Jangwani hapa jijini:

Mvua yaja Jangwani, na mto umefurika,
Mama yuko darajani, mtoto amemshika,
Atazama barazani, vyombo vyake vyaondoka,
Njoo kwangu, njoo ndani, mlango umefunguka.

Aliyezoea desa ataandika kwamba dhamira ni mafuriko na umaskini, kwamba ubeti ni tarbia kwa kuwa una mishororo minne, kwamba kila mshororo una mizani (silabi) 16, na kwamba vina ni “ni” na “ka”. Kanuni hizo za vina na mizani ndizo alizozieleza Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyepata pia kuwa Meya wa Dar es Salaam, katika kitabu chake cha mwaka 1954, na kila mwanafunzi anapaswa kuzifahamu. Hata hivyo, mpaka hapo uhakiki haujaanza.

Ausome ubeti tena, kwa sauti, na ajiulize ni nani anayesema na anamwambia nani. Katika mishororo mitatu ya kwanza yupo msimulizi anayemwangalia mama kwa mbali. Katika wa nne inasikika sauti ya jirani ikimwita mama moja kwa moja, na kitenzi kinakuwa cha amri: njoo. Kisha aangalie neno “amemshika”. Je, mama amemshika mtoto, au mtoto ndiye aliyemshika mama? Lugha yetu inaruhusu yote mawili, na mhakiki makini hauruki utata wa namna hii, bali hueleza kwamba katika hofu ile hatujui nani anamtegemea nani. Mwisho arudi kwenye vina alivyokwisha kuvihesabu: kina kilekile cha “ka” kinachofunga kufurika kwa mto na kuondoka kwa vyombo ndicho kinachofunga kufunguka kwa mlango, kana kwamba msiba na msaada vimepita njia moja. Hapo fani imebeba maudhui, na hapo mwanafunzi anaweza kudai kwamba ubeti huu unahusu ujirani kuliko unavyohusu mafuriko.

Dai hilo ndilo insha yake. Alitaje katika utangulizi kwa sentensi moja au mbili, bila kupoteza ukurasa mzima kwa maisha ya mshairi. Katika kiini, kila aya ibebe hoja moja, inukuu maneno machache ya shairi, kisha ieleze maneno hayo yanaitetea hoja kwa namna gani. Sehemu hii ya tatu ndiyo wanafunzi wengi huiacha, na ndiyo ninayoitafuta kuliko zote ninaposahihisha. Kusimulia upya shairi kwa lugha ya nathari si kulihakiki.

Nao wanaoandika kwamba shairi huru, yaani lisilofuata kanuni za vina na mizani, halina muundo wanakosea. Mjadala kuhusu mashairi ya aina hiyo ulipamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, lakini hata asiyeyapenda hana budi kueleza kwa nini mstari umekatwa pale ulipokatwa, na neno lililorudiwa limerudiwa kwa sababu gani.

Ninawaomba walimu wenzangu tuanze kipindi cha ushairi kwa ubeti mmoja ubaoni, vitabu na madesa yakiwa yamefungwa, kila mwanafunzi aandike alichokiona na neno lililomwonyesha hivyo, na vipengele tuvitaje baada ya hapo. Katika mitihani ya majaribio ya shuleni tuwape pia shairi wasilowahi kulisoma, kwa kuwa hilo halina desa.

Mwalimu wa Kiswahili,
Temeke, Dar es Salaam.