Jibu la Pili: Barua ya Wazi kwa Wanaoanza Afya ya Jamii Muhimbili

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba. Nawaandikia ninyi mnaoanza mwaka huu afya ya jamii na afya ya mazingira pale Muhimbili, na najua baadhi yenu mmeingia Upanga mmenuna. Mliomba udaktari, mkapangiwa huku. Nyumbani nako shangazi ameshauliza: "Kwa hiyo utakuwa daktari au hutakuwa?" Mjibuni kwa adabu kwamba hapana, kisha mle chakula chake. Mimi nimeulizwa hivyo maisha yangu yote ya kazi, na wengi walioniuliza wametangulia mbele ya haki bila kuridhika.

Ya bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, na ya malazi sitayasemea sana. Bumu litaisha mapema, hosteli mtabebana, na wa mwaka wa tatu watawaonyesha mama lishe anayekopesha. Mimi nina neno moja tu, la namna ya kuuliza.

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, nilikuwa bwana afya kijana, sharubu hazijakolea. Redio ilikuwa ikisema, vikundi vinakaa chini ya miti kusikiliza na kujisomea, halafu watu wanashika majembe na kuchimba vyoo. Nikapewa baiskeli na daftari, kazi yangu kuhesabu. Kwenye mji mmoja, yaani makazi ya familia moja, nikakuta choo kizuri kuliko vyote: kimekandikwa, kimeezekwa, njia imefagiwa. Nikaandika "kipo, safi." Nimeshapanda baiskeli ndipo nikajiuliza: mbona hakina hata nzi mmoja? Nikarudi, nikaomba maji ya kunywa, nikakaa. Tulizungumza habari za mihogo, za mvua, za ng'ombe wa jirani. Jua linashuka, mama wa mji ule akacheka akaniambia: "Mwanangu, kile ni choo cha bwana afya." Baba mkwe wake aliishi palepale, na kwao mkwe na mkamwana hawaingii shimo moja, ni aibu kubwa. Basi wote walikuwa wakienda porini, na choo wakanitunzia mimi.

Sikulala vizuri usiku ule. Daftari zima lilikuwa limejaa "kipo, safi."

Toka siku hiyo naamini jibu la kwanza ni kama kiti anachowekewa mgeni: ni heshima, si habari. Habari iko kwenye jibu la pili, nalo haliji mpaka mtu aone huna haraka.

Darasani mtamsoma John Snow, daktari wa London, na kipindupindu cha mwaka 1854. Mtakariri ramani yake ya vifo vilivyoizunguka pampu ya maji ya Broad Street, na jinsi pampu ile ilivyong'olewa mpini watu wasichote tena, maana mtihani unapenda ramani. Mimi nampenda zaidi mama mmoja mjane wa Hampstead. Aliishi mbali na pampu ile, kwao hapakuwa na ugonjwa, lakini akafa kwa kipindupindu. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea akarudi kwake Islington, naye akafa. Kwenye ramani vifo vile havikuwa na maelezo. Snow akaipata habari kwa mtoto wa yule mama: mama aliyapenda maji ya Broad Street kuliko mengine, akawa anapelekewa chupa yake kwa mkokoteni. Chupa haichorwi kwenye ramani.

Sasa njooni Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu hapa watu 5,383,728, na wengi wetu vyoo vyetu ni vya shimo. Mtakwenda fildi Tandale, Manzese, Vingunguti. Masika ikishika mtakuta mtu anatapisha choo: katoboa ukuta wa shimo, mvua inachukua uchafu kwenda mtaroni na mwisho mto Msimbazi. Mwanafunzi atakunja pua na kuandika "uelewa mdogo wa jamii." Maneno hayo nimeyasoma kwenye ripoti mpaka yananitia kichefuchefu. Kaa na huyo mtu. Atakuambia kipindupindu anakijua sana, mwaka 2015 kilipoanzia Kinondoni aliona kwa macho yake. Lakini uchochoro ni mwembamba, gari la kunyonya halipiti na mpira wake haufiki. Maji ya ardhini yako juu, kila masika shimo linafurika lenyewe. Mwenye nyumba anakaa kwingine, kodi anapokea kwa simu. Wapangaji wako sita, na kila mmoja anaona waliojaza ni wale watano. Hapo umeshapata mambo manne ya kufanyia kazi. Ule "uelewa mdogo" ungekupa kipeperushi.

Zamani kidogo niliombwa kuwaangalia wanafunzi wa chuo kimoja wakiwa fildi. Siku ya tatu wakaniletea madodoso arobaini. Kaya arobaini, zote zinachemsha maji ya kunywa! Kalamu moja, mwandiko mmoja. Mtaa wenyewe naujua, nimekunywa maji yake yasiyochemshwa, na mkaa ulikuwa unauzwa kwa kopo. Nikawauliza mlikaa wapi mkijaza, wakatazamana. Chini ya mwembe. Sikuwafokea sana, maana walipewa siku chache na kaya nyingi, na aliyewapa hakuwahi kutembea mtaa huo. Lakini nikawaambia, afadhali mniletee kaya nane za kweli, na thelathini na mbili muandike hatukufika.

Namba nazipenda, msinielewe vibaya, na takwimu someni hata kama zinawatoa jasho. Ila namba hulelewa mlangoni kwa mtu. Nendeni na mjumbe siku ya kwanza ili mtambulishwe, halafu siku nyingine mrudi bila yeye. Mbele ya mjumbe kila mtu ana choo, kila mtoto amepata chanjo. Makoti meupe muyaache hosteli. Na ukikaribishwa chai, kunywa, hata kama umetoka kufundishwa nini kimo kwenye maji yake.

Ajira ni ngumu, sitawadanganya, na kazi hii ikienda vizuri haina shukrani: hakuna atakayekupigia simu akushukuru kwa kuhara ambako hakuhara.

Mkifika mtaani kwetu mtanikuta barazani asubuhi, mzee mwenye redio. Nami mniulize kama wengine. Mkitaka kujua kama nachemsha maji nitawajibu ndiyo, kila siku, bila kukosa. Vuteni kigoda.

Babu yenu,
Bwana afya mstaafu