Sare 60 za usiku: nikubali au nikatae?

Mama Mshauri, jambo sana.

Nina kiduka cha kushona hapa Katuba, Lubumbashi: mashini mbili za umeme na mabinti wawili wanaonisaidia. Jenereta tulinunua pamoja na shemeji, mdogo wa mume wangu, na maneno yote yanatoka hapo.

Masomo yanafunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na ikifika mwezi wa nane wazazi wote wanakumbuka sare kwa pamoja. Tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa na kazi ya bluu na nyeupe haikosekani. Kinachokosekana ni umeme. Kwetu unakuja na kwenda unavyotaka (migodi inashiba kwanza, sisi tunaambulia makombo), na saa chache za mchana unapokuwepo zimekwisha kupata wateja wake.

Sasa shule moja ya jirani inataka sare 60 zaidi. Shemeji anasema nikubali hata leo. Hesabu yake ni hii: mpaka sasa kila sare imetubakishia dola 1 na nusu, basi 60 ni dola 90. Kwa zile tulizokwisha kushona hakukosea. Lakini hizo nusu zilishonwa mchana na nusu usiku, na faida yake si moja. Nikitoa kitambaa, uzi na vifungo, sare inaniachia dola 4. Mchana binti anachukua 1 na nusu, ninabaki na 2 na nusu. Usiku hakubali chini ya 2, na ana haki. Jenereta nayo inakunywa mafuta ya dola 1 na nusu kwa kila sare. Inabaki nusu dola. Na hizi 60 zote zitakuwa za usiku, maana mchana umejaa. Ni dola 30, tena kama hakuna hata moja itakayofumuliwa.

Nikimwambia hivyo anapandisha sauti: "Jenereta tumelipa dola 350, ikae kimya?" Mama, zile dola zimekwenda. Iwake, isiwake, hazirudi. Mtoto wa dada yangu anasoma uchumi chuo kikuu, naye ananiunga mkono, ila anaongea kwa vitabu mno na shemeji anakasirika zaidi.

Jambo la pili ni mabinti wenyewe. Zamani niliwalipa kwa siku, wakawa wanashona polepole, macho kwenye simu. Nikageuza, nikaanza kulipa kwa kila sare. Mbio zilizoanza hapo! Sasa mmoja anasogeza kidude cha urefu wa mshono mpaka milimita 4, wakati kitambaa kile kinataka 2 na nusu. Shati linaisha upesi, ndiyo, lakini mtoto akivutwa kidogo na mwenzake uwanjani, bega limeachia. Mwingine anakata matundu ya vifungo kabla ya kukaza uzi kwenye ncha zake. Likifuliwa mara moja, tundu limekuwa dirisha. Usiku, kwa taa ile na usingizi ule, mambo yanaharibika zaidi. Nilisema anayeharibu atarudia bila malipo. Wakaanza kuficha mashati mabaya katikati ya mazuri. Siwalaumu sana, mimi ndiye niliyeweka bei kwenye haraka.

Halafu asubuhi yake wanasinzia, na asubuhi ndipo tunaposhona vikwembe (nguo za kitenge) vya harusi, kazi inayolipa kuliko sare zote.

Nimefikiria kuiambia shule iongeze dola 1 kwa kila sare. Hapo ndipo zile dola 90 za shemeji zingepatikana kweli. Lakini naogopa wataenda kwa fundi mwingine na mwaka ujao hawatanikumbuka. Au nichukue 20 tu, niache 40?

Naomba unisaidie pia kwa malipo ya mabinti: nirudi kwenye siku, au nilipe sehemu kwa siku na nyongeza kidogo kwa sare iliyopita mkononi mwangu bila kasoro? Na shemeji, ambaye nusu ya jenereta ni yake, nimweleze kwa njia gani bila kuonekana namdharau mbele ya kaka yake? Mkuu wa shule anataka jibu Jumamosi.

Mama Fundi, Katuba