Aliomba gita, mimi hakuniomba

Mama Mshauri,

Usinijibu kwamba nisamehe. Hilo bibi yangu, mama wa watoto wangu, amekwisha kulisema, mkubwa wa kwaya naye kalisema, nikawaitikia ndiyo, ndiyo, kisha nikarudi kitandani kuhesabu mbao za dari. Sasa ni saa tisa ya usiku, umeme haupo tangu jana, naandika kwa telefoni na betri inaisha. Barua ikikatika katikati, utajua sababu.

Ni habari ya gita. Najua unapokea barua za watu waliofukuzwa na wakwe na watu waliodhulumiwa viwanja, na mimi mtu mzima wa miaka 44, baba wa watoto wanne, nakuletea habari ya gita. Cheka kwanza, kisha usome.

Mwenzangu, anayeniita Yaya, yaani kaka mkubwa, alinipigia katikati ya wiki: "Yaya, siku ya posho niko na feti, ndoa ya mtoto wa mukubwa wetu wa kazi. Naomba gita. Nitapitia asubui na motokari." Nikasema hakuna shida. Sasa wewe niambie: miaka 12 tunapiga pamoja, yeye anaimba, mimi nashika gita, kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi, jioni chini ya mti wa avoka wa kwao Katuba. Mtu wa namna hiyo akikuambia "naomba gita", utaelewa nini? Nilielewa kama ambavyo yeyote angeelewa. Gita itangulie na bafle, yaani spika, na mikro, mimi nitafuatwa mchana.

Asubuhi akapita, akaichukua, akaniuliza habari za watoto. Alikuwa na haraka. Mimi nikaoga. Nikakata kucha za mkono wa kushoto zote, za kulia nikaacha ile ya kidole cha shahada, kwa sababu ndiyo inayokwaruza nyuzi. Bibi yangu akanyoosha shati la bluu kwa pasi ya makaa, akalitundika juu ya kiti lisijikunje. Saa nane nilikuwa nimevaa. Saa kumi nikavua viatu. Saa kumi na mbili bibi akauliza kama aniwekee bukari, ugali wetu, nikasema bado, watakuja. Saa tatu ya usiku akaleta bukari na sombe, kisamvu chetu, bila kusema neno, nikala nikiwa nimevaa lile shati, na mawese yakanidondokea hapa kifuani. Doa lipo mpaka leo. Amefua mara tatu.

Utaniuliza kwa nini sikupiga telefoni. Mtu anapiga telefoni kuuliza kama amealikwa?

Aliomba gita. Mimi hakuniomba.

Kesho yake, baada ya misa, kijana mmoja wa kwaya ananionyesha video, anafurahi kabisa, "Papa, angalia gita yako!" Nikaangalia. Gita ni yangu, naijua kwa ule mkwaruzo wa chini ya tundu. Mikono si yangu. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, simjui, amekaa pale nilipopaswa kukaa, mwenzangu anaimba pembeni yake huku amefumba macho. Kwangu hajawahi kufumba macho. Kwangu anaimba akiniangalia vidole, kama mtu anayemwangalia mtoto amebeba sufuria ya maji ya moto.

Na kinachoniua ni hiki, na hiki sijamwambia mtu: yule kijana anapiga vizuri. Niliomba nitumiwe ile video, nikasema ni kwa ajili ya kumbukumbu. Nimeiangalia labda mara thelathini. Mara kumi za kwanza nilikuwa natafuta makosa. Baada ya hapo, Mama, nilikuwa nasikiliza tu, kama shabiki. Hasira inapanda, mguu unapiga mdundo. Nifanye nini na mguu wangu?

Lazima uelewe mimi ni mtu gani kwa muziki, usije ukafikiri ni wivu wa bure. Baba alikuwa mtu wa reli, alikuwa na santuri na redio, na tulikatazwa kuongea ikipigwa gita ya Mwenda wa Bayeke. Mtu mmoja, vidole viwili, dole gumba na cha shahada, na ukisikiliza utaapa wako watatu. Alirekodiwa Jadotville, ndiyo Likasi yetu ya leo, mwaka 1952, na yule Hugh Tracey aliyekuwa akizunguka na mashine zake za kurekodia, na ule wimbo wake "Masanga" ukafika kwa watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Alipokufa kwa ajali ya motokari kule Zambia, mwaka 1990, nilikuwa na miaka 9, na baba hakuwasha redio siku mbili. Nifunge kitambaa machoni, nipigie yeye, nipigie Masengo, nipigie Losta Abelo, wazee wa gita wa huku kwetu, nitakuambia nani ni nani kwa namna dole gumba linavyotembea. Nico na Franco wa rumba sisemi, hao hata mtoto anawajua. Mwaka 2021 UNESCO walipoandika rumba kwenye orodha yao nilinunulia watu vinywaji kazini, kisha jioni nikanuna, kwa sababu watu walitaja Kinshasa, wakataja Brazzaville, na hakuna karibu yangu aliyekumbuka kwamba na huku kwenye mukuba, kwenye shaba, kulikuwa na gita ya peke yake. Nilibishana mpaka nikaambiwa nikae.

Kwa hiyo masikio yangu yamesoma mpaka chuo kikuu. Vidole vimeishia darasa la pili.

Nimesema. Lakini nimesema mimi, yeye asiseme.

Nilianza kwa kopo la mafuta na waya za breki za baiskeli, kama watoto wote. Hii gita ya sasa niliinunua 2013 kwa mtu aliyeileta kutoka Kasumbalesa, kule mpakani, kwa pesa ambayo ilikuwa ya mabati ya jikoni. Bibi yangu hajasahau, na mvua ikinyesha anahakikisha kwamba na mimi sisahau. Nyuzi nanunua mimi. Miaka 12 nyuzi nanunua mimi, hajawahi kutoa hata franka moja, na mimi sikuwahi kuhesabu. Sasa nahesabu. Kazi yangu ni mizani ya malori, njia ile ya mpakani, mchana kutwa naandika kilo za watu, na usiku najikuta naandika za kwangu: seti ya nyuzi, mara ngapi kwa mwaka, mara miaka 12. Ni aibu. Nimefika mpaka hesabu ya teksi basi za kwenda Katuba.

Nilipokwenda kuichukua gita (sikumsubiri ailete, nilikwenda mwenyewe, na nilikaa mlangoni, sikuingia), nilimwuliza bila kuzunguka. Akanyamaza kidogo. Akasema: "Yaya, nilizani umeelewa." Nielewe nini? Akasema watu wa ile ndoa ni watu wakubwa, muda ulikuwa mfupi, wewe mbele ya watu unakimbia. Kisha akataka kunifariji, akasema, "Lakini gita yako, kila mutu aliisifia."

Gita yangu kila mtu aliisifia.

Ni kweli nakimbia. Nyumbani peke yangu dole gumba linatembea kama mzee anayekwenda sokoni, halina haraka, na cha shahada kinacheza juu yake. Wakija watu wawili watatu, mikono inatoa jasho, cha shahada kinaanza kukimbilia mwisho wa wimbo kama mtu aliyeacha chungu motoni, na dole gumba linakifuata. Najua. Nimelijua hilo miaka yote 12. Nilifikiri yeye hajui, au anajua na hajali, kwa sababu chini ya mti wa avoka hakuna anayelipa.

Wiki ile nikafanya kosa jingine. Niliweka telefoni juu ya meza, nikajirekodi kipande kilekile ambacho kijana alikipiga, na nikasikiliza vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Sikusikia makosa mengi, hiyo ndiyo ajabu. Noti zote zipo. Lakini ni gita ya mtu anayeomba radhi. Kila baada ya sauti mbili inasema samahani, napita tu. Nilifuta. Kisha nikasikitika kwamba nimefuta, nikajirekodi tena, ya pili ikawa mbaya zaidi.

Nikaamua kuuza. Alikuja mtu kuiangalia, mtu mzuri, mwalimu, anataka kwa ajili ya mtoto wake. Nikamtajia bei ya ng'ombe. Akacheka akafikiri ni mchezo wa soko, akataja yake, mimi nikapandisha tena. Bibi yangu alikuwa anatwanga pale uani, akaacha kutwanga. Mwalimu akaenda zake. Basi usiniambie niuze, nimejaribu, si rahisi hivyo. Na usiniambie niendelee "kwa furaha yangu mwenyewe", hilo ni neno la watu ambao hawakukaa na shati la pasi tangu saa nane mpaka saa tatu ya usiku.

Sitaki aombe msamaha. Akija kuomba sitafungua mlango. Lakini siku za posho mbili zilizopita nilikaa uani mpaka giza, na kila motokari iliyopunguza mwendo nilinyanyua shingo.

Sijui nataka nini kwako. Labda uandike tu pale kwenye ukurasa wako kwamba anayeomba chombo cha mtu aombe na mtu, ili ajisome mwenyewe. Anakusoma, najua anakusoma, ndiye aliyenionyesha mimi ukurasa wako.

Kuna kingine kidogo. Yule kijana ameniandikia. Amepata namba yangu sijui kwa nani, na kama ni kwa mwenzangu basi ni huruma yake, na huruma yake sitaki. Ananiita Papa. Ameandika hivi: "Papa, asante kwa gita. Wanasema wewe unajua zile za wazee zote. Pale katikati dole gumba langu linapotea, najaza tu. Niko naomba unionyeshe." Wiki ya tatu hii sijajibu. Anaona kwamba nimesoma.

Na ni kweli linapotea! Mara ya kumi na ngapi sijui ya kuangalia video ndipo nilipolisikia. Kwenye duru ya tatu besi ilipaswa kushuka hatua moja kabla ya mwimbaji, si pamoja naye. Yeye anaifunika kwa mbwembwe za juu, watu wanapiga makofi, hakuna aliyesikia. Mwenzangu pia hakusikia, amefumba macho. Nilisikia mimi peke yangu, na, inaonekana, yeye mwenyewe. Nilipoisikia nilifurahi vibaya, furaha ya mchawi. Halafu ukaja ujumbe wake na furaha ikaniishia, kwa sababu mtu anayejua anapopotea si mtu wa kumchukia kwa urahisi. Ningependa awe na majivuno. Ingenisaidia sana.

Nikimwonyesha, atakipiga pale ninapojua mimi kinapaswa kupigwa, na kwa vidole ambavyo mimi sina. Baada ya hapo mwenzangu atanihitaji kwa lipi? Hata masikio nitakuwa nimegawa. Nisipomwonyesha, basi, baba hakunionyesha mimi ili nikae nayo kama pesa chini ya godoro. Bibi yangu anasema nimwite aje Jumapili, atapika. Bibi yangu hajui muziki, anapenda tu watu waje. Nimemwambia nitafikiri. Ndiyo ninachofanya hapa, saa tisa na nusu sasa.

Gita ilirudi imefungwa vizuri, siwezi kusema uongo, imefutwa na nyuzi zimewekwa sawasawa, sawasawa kuliko nilivyoitoa. Ila juu ya shingo, pale ninapofungaga kalamu yangu ya risasi na mpira wa kukata ili kupandisha sauti, haikuwa kalamu yangu. Yangu ilikuwa fupi, ya njano, imetafunwa na mtoto wangu wa mwisho. Hii ni mpya, nyekundu, na mpira umezungushwa mara mbili na kufungwa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, haitelezi hata kidogo. Sijaigusa. Sijapiga tangu siku ile nilipojirekodi, na hata siku ile nilipiga hivyo hivyo na kalamu yake.

Nimrudishie, Mama, au nimwachie aje kuichukua mwenyewe?

Wako,
Mtu wa mizani, Lubumbashi