Ambulensi ziache naloksoni nyumbani

Mhariri,

Aliyezidiwa na unga (heroini) akishazinduliwa na wahudumu wa ambulensi, mara nyingi hukataa kupelekwa hospitali. Ameamka na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, ana hasira, anaogopa polisi. Lakini naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya unga iliyomwamsha, hudumu dakika 30 hadi 90 tu. Kama alikunywa methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa unga, inayokaa mwilini muda mrefu) juu ya unga, pumzi zaweza kukata tena gari likiwa limeshaondoka.

Tunaziomba wizara za afya za Kenya na Tanzania ziruhusu wahudumu hao kumwachia ndugu au mwenzake pakiti ya dawa hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2014 iwafikie watu wanaoweza kuwapo mtu akizidiwa, na Uskoti ilikuwa imeanza mpango wa taifa tangu 2011. Haina ulevi wowote, na asiye na unga wala dawa za jamii yake mwilini haimfanyi kitu.

Dawa ya kupuliza puani ni nzuri ila ghali. Ampuli (vichupa vya dawa ya sindano) mbili za miligramu 0.4 zinatosha, pamoja na mabomba mawili ya sindano ya mililita 2, glavu na kadi ya maelezo kwa Kiswahili. Sindano iwe ya milimita 25. Bomba la insulini, ambalo watumiaji wengi wanalo tayari, halifai: sindano yake ni fupi, dawa huishia kwenye mafuta bila kufika msulini. Shingo ya ampuli ivunjwe kwa kushikwa na kitambaa, la sivyo mtu hujikata na dawa ikamwagika.

Kadi ianze na dalili, maana hapo ndipo watu hukosea. Anayekoroma kwa kukwama huachwa "alale", kumbe anakata roho. Mwite, msugue kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoitika, tazama ndani ya mdomo na kucha kama zimekuwa za kijivu. Maziwa na maji ya chumvi hayasaidii, na maziwa yanaweza kumpalia. Piga simu ya ambulensi, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5, kisha mdunge ampuli moja pajani, hata juu ya nguo. Dakika 3 zikipita bila pumzi kurudi, ya pili. Akianza kupumua, mlaze ubavu.

Shabaha ni apumue, si lazima aamke. Aliyechanganya unga na bugizi (vidonge vikali vya usingizi) ataendelea kusinzia, kwa sababu naloksoni haigusi vidonge hivyo. Kumwongezea dozi kunamletea arosto tu, naye atakimbilia kete nyingine ya unga.

Ampuli zisikae kwenye dashibodi wala juani. Na fomu ya ambulensi iwe na mstari wake wa "zilizoachwa". Zikiandikwa kama zilizotumika kwa mgonjwa, hesabu ya duka la dawa haitalingana, na mhudumu aliyelipishwa hata mara moja tu hataacha pakiti tena.

Wahudumu wa dharura,
Mombasa