Nimeuguza wengi, sasa nashindwa kuuguzwa

Ndugu mshauri, tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mjane wa miaka 61, naishi Morogoro. Wiki 3 zilizopita niliteleza uani nikavunjika mguu. Nimefungwa plasta ngumu, na daktari amesema nisiukanyagie kwa wiki 6. Lakini si mguu ulionifanya niandike.

Mimi ni mwana WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki ulioanza mwaka 1972, na tangu nijiunge kazi yangu imekuwa wagonjwa. Hakuna aliyenipangia. Nikisikia kuna mtu kalala ndani hana wa kumgeuza, nafunga khanga kiunoni naenda. Nimeosha watu ambao ndugu zao wa damu walikuwa wakipita mlangoni wameziba pua, na nilikuwa nikirudi nyumbani nina furaha. Niliamini kabisa kwamba ndivyo Bwana anavyotaka tuishi, na bado naamini.

Kulikuwa na bibi mmoja wa jumuiya yetu aliyepooza upande mmoja. Nilimhudumia karibu miaka 2. Mchana nilikuwa nikimgeuza kila baada ya saa 2 asichubuke mgongo, nikawafundisha wa nyumbani nao wamgeuze usiku. Nilimwogesha, nikambadilisha nepi, nikamnywesha uji wa ulezi kijiko kwa kijiko. Kila nilipomfunua alikuwa akivuta upindo wa khanga kwa ule mkono mzima, anajifunika uso. Nilidhani mwanga unamuumiza macho, nikawa nafunga dirisha.

Sasa nimelala mimi, na jumuiya imenipangia zamu. Anayekuja alfajiri ni mjukuu wa bibi yule, binti anayekaanga maandazi pale kituoni. Anapita kwangu kwanza, anachemsha maji, anafagia. Siku ya tatu aliinama kuchukua ndoo ya haja niliyotumia usiku. Nikapiga kelele: "Acha hiyo! Toka!" Akasimama, machozi yakamlengalenga, akasema, "Mama, bibi yangu ulimwosha wewe. Kwake hukuona kinyaa, mimi nikuonee?" Nikamwambia aende. Tangu siku hiyo hajarudi, na zamu yake nimewaambia wenzake waifute.

Ndipo nikakumbuka mwaka 2016, Papa Fransisko aliporuhusu rasmi wanawake nao waoshwe miguu Alhamisi Kuu. Paroko alinitaja kati ya wale 12, nikakataa, nikasema wapo wanaostahili kuliko mimi. Watu walisifu unyenyekevu wangu, nami nikafurahi kusifiwa. Juzi nimeisoma tena hapa kitandani sura ya 13 ya Yohana, pale Yesu anapowaosha wanafunzi wake miguu. Miaka yote nilikuwa nikiisoma nimejiweka upande wa aliyeshika maji na kitambaa. Sikuwahi kujiona kuwa ni Petro, yule aliyeng'ang'ania kwamba hataoshwa miguu kamwe, mpaka akaambiwa kwamba asipooshwa hana sehemu na Bwana.

Mwanangu aliye Dar es Salaam amesikia, anataka kuniletea dada wa kazi. Moyo wangu unakubali haraka, na wepesi huo ndio unaonitisha. Mtu wa mshahara nikishamlipa tumemalizana, sina deni kwake. Huyu binti nitamlipa nini? Halafu najiuliza swali ambalo sijathubutu kumwambia hata padri: je, wale wote niliowauguza, nilipenda wawe na deni kwangu? Sidhani. Lakini sina uhakika, na hilo linaninyima usingizi kuliko maumivu.

Na bibi yule, sasa najua kwa nini alikuwa akijifunika uso. Alikwishafariki. Ningejua, ningemwuliza kwanza kabla ya kumfunua, ningeimba kidogo, ningetazama pembeni. Sikufanya hata kimoja.

Naomba unishauri. Nimkubali dada wa kazi ili nisiwasumbue wanajumuiya, au nimwite binti yule arudi? Nikimwita, nimwambie nini, maana mimi ni mkubwa wake na nilimfukuza kama mtoto mwizi? Na akiinama tena kuchukua ile ndoo, nifanyeje ili nisipige kelele?

Zimebaki wiki 3 plasta ifunguliwe. Nisaidie kabla sijasimama, kwa sababu najijua: nikishaweza kutembea nitajifunga khanga niende kwa mgonjwa mwingine, na haya yote nitayasahau.

Msomaji wako,
Morogoro