Barua kwa Mwanangu Aliyeko Swakopmund, Namibia

Mwanangu Tumaini,

Shikamoo yako tumeipata, marahaba. Huku Songea hatujambo, mashamba yameshalimwa na sasa tunasubiri mvua. Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama masweta yanatosha. Mpaka leo haamini kwamba mji wa jangwani unaweza kuwa na baridi ya asubuhi inayokaza vidole, hata nilipomweleza kuwa bahari ya huko ni ya maji baridi na ndiyo inayoleta ule ukungu.

Umeniuliza hao wageni wako wa Dar uwatembeze wapi, na umesema wao tayari wana mipango yao: kuteleza kwenye vilima vya mchanga, kupiga picha gatini, kula samaki. Wafanye yote hayo, wamesafiri mbali. Lakini nilipokuja kwako niliuzunguka mji kwa miguu, nikasoma kila kibao nilichokikuta, na nina mengi ya kukuomba uwaonyeshe.

Mkitoka nje ya mji kwa barabara ya kwenda Windhoek, simameni kwenye kile kibanda chenye mtambo wa chuma wa kuendeshwa kwa mvuke unaoitwa Martin Luther. Luteni mmoja wa Kijerumani, Edmund Troost, aliuleta mwaka 1896 ukavute mizigo jangwani, kwa sababu ng'ombe wa kukokota magari walikuwa wakifa kwa kiu na kukosa malisho. Uliteremshwa Walvis Bay, bandari ya jirani, nao ulitumia miezi mitatu kuvuka mchanga mpaka Swakopmund, mwendo ambao wewe unaumaliza kwa nusu saa. Kila hatua ulizama, na ulikunywa maji mengi mahali ambapo maji hayapo. Ulifanya safari chache, ukakwama moja kwa moja. Ndipo watu wakaupa jina la mhubiri yule wa Kijerumani wa zamani anayesemekana kutamka, "Hapa nasimama, siwezi kufanya vinginevyo." Kila mwenyeji wa mji anaijua hadithi hiyo, na vijana wa chuo cha ufundi wa migodi ndio walioukarabati mwaka 2005.

Kisha rudini baharini. Wageni watauliza kwa nini mtu ajenge mji hapo, pasipo mto wa kudumu wala bandari ya asili. Waambie Wajerumani waliuanzisha mwaka 1892 kwa kuwa Walvis Bay, penye bandari nzuri, palikuwa mikononi mwa Waingereza. Meli zilitia nanga mbali, na mizigo ikaletwa ufukweni kwa mashua na Wakru, mabaharia waliochukuliwa kutoka Liberia. Gati la mawe lilikamilika mwaka 1903, na haikuchukua muda mrefu mchanga ukaliziba. Leo watu wanaogelea pale. Likafuata gati la mbao mwaka 1905, halafu lile la chuma lililoanzwa 1912 na kuachwa kabla ya kumalizika Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia. Ndilo mnalotembea juu yake kwenda kula samaki.

Majengo mengine utayajua mwenyewe: kituo cha zamani cha reli kilichogeuzwa hoteli, gereza la mwaka 1909 ambalo wapitanjia hulidhania kuwa kasri, na lile jumba la Hohenzollern lenye sanamu ya Atlas juu ya paa, amebeba dunia mabegani. Hayo yatazameni, ni mazuri kweli.

Ila pale kwenye jengo la Woermannhaus naomba msimame zaidi. Lilijengwa mwaka 1905, na kutoka kwenye mnara wake walikuwa wakitazama meli zinazoingia upande mmoja na magari ya ng'ombe yanayotoka bara upande wa pili. Baadaye ilikuja kuwa nyumba ya kampuni ya Woermann, ambayo meli zake zilileta askari wa Kijerumani kupigana na Waherero na Wanama, wenyeji wa nchi hiyo. Kampuni hiyo hiyo ilitumia wafungwa wa vita hiyo kama vibarua. Mji ulikuwa na kambi za wafungwa kati ya 1905 na 1907. Wanaume, wanawake na watoto waliotolewa bara kwenye joto waliwekwa kwenye ukungu ule na upepo ule, wakiwa na vitambaa tu mwilini, wakapakua meli na kujenga reli. Wanawake walifungwa kwenye magari ya mizigo wakayavuta badala ya ng'ombe. Walikufa kwa maelfu.

Mwaka huo wa 1905, mwanangu, ndio mwaka Maji Maji ilipoanza kwetu. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wazee wetu hapa Songea, na kaburi lao unalifahamu tangu ukiwa shule ya msingi. Jenerali Lothar von Trotha, aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero tarehe 2 Oktoba 1904, alikuwa ameshakaa Afrika Mashariki kuanzia 1894 hadi 1897 akiongoza jeshi la kikoloni huku kwetu, wakati Wahehe wa Mkwawa wanapambana nao. Mimi nimefundisha vita hizi mbili kama sura mbili tofauti za kitabu, kwa sababu mtaala ulizipanga hivyo. Pale mbele ya Woermannhaus niliziona ni vita moja.

Karibu na mnara wa taa kuna sanamu ya shaba ya mwaka 1908, ya wanamaji wa Kijerumani waliokuja kuzima upinzani wa Waherero. Waandamanaji wamewahi kuimwagia rangi nyekundu, na wapo wanaodai iondolewe. Watalii wengi hupiga picha na kuondoka bila kusoma inamsifu nani. Wageni wako wasome.

Baada ya hapo nendeni makaburini, pembeni mwa mji upande wa mto Swakop. Sehemu ya Wazungu ina miti, marumaru na majina. Vukeni mpaka nje yake, kwenye mchanga mtupu. Mtaona vichuguu vidogo vya makaburi ya wafungwa wale vimetapakaa mbali kadiri jicho linavyofika, vingine vimezungushiwa kokoto, vingine upepo umevilaza karibu viishe. Havina majina. Kwa miaka mingi watu walipita juu yake na magari na pikipiki za kuchezea mchangani. Jiwe la kumbukumbu liliwekwa mwaka 2007, na wajukuu wa waliokufa ndio waliolipigania. Huko kwenye vitongoji kuna pia makumbusho madogo ya mauaji ya kimbari yanayoendeshwa na wajukuu hao. Uliza watu wa kitongoji cha Mondesa, watakuelekeza.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika hapa Songea akaomba msamaha. Kwa Namibia, serikali yake ilikiri mwaka 2021 kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari na ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, lakini viongozi wengi wa Waherero na Wanama walikataa makubaliano hayo kwa kuwa hawakukaa mezani. Mimi naona wana haki. Huwezi kumaliza msiba wa mtu bila kuzungumza na wafiwa.

Na wageni wasiondoke bila kujua sehemu yetu nzuri. Barabara kuu ya mji, iliyoitwa kwa jina la Kaisari Wilhelm, sasa ni ya Sam Nujoma, rais wa kwanza wa Namibia. Alipokimbia nchi yake mwaka 1960 alipitia Tanganyika, Mwalimu Nyerere akamsaidia kusonga mbele, na chama chake cha SWAPO kikafungua ofisi Dar es Salaam. Wapiganaji wake walifanya mazoezi Kongwa, kule Dodoma. Ukiwaambia wenyeji wazee kwamba unatoka Tanzania, utaona wanavyokukaribisha.

Kama muda upo, siku ya mwisho wapeleke kuona welwitschia, ule mmea wa majani mawili tu ambao mingine inazidi miaka elfu moja. Nendeni mapema, na mjaze maji garini.

Kwangu nina ombi moja: nipigie picha ya jiwe lile la makaburini kwa karibu, herufi zote zisomeke. Mwalimu aliyelichukua darasa langu anataka kuwaonyesha wanafunzi kabla ya muhula kwisha.

Baba yako