Kibao cha msumarini

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na wanao uwabusu. Uliniuliza kile kikao cha wakubwa kiliishaje, nikakwepa kwa sababu nilikuwa kwenye daladala na masikio ya watu yalikuwa wazi. Leo umeme upo, watoto wamelala, kaa nikusimulie.

Unajua walinitwika kuandaa mpango wa afya ya wafanyakazi. Mkurugenzi akafungua kikao kwa maneno matamu, eti afya ya mfanyakazi ndiyo mtaji wetu. Nikajisemea moyoni, leo mambo yamenyooka. Kumbe kwake yeye afya ni bonanza: Jumamosi asubuhi, fulana zenye nembo, jogging, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, halafu supu na mpiga picha. Meneja wa uzalishaji naye akasema kupima presha ni kusimamisha mashine, na isitoshe watu wa OSHA, wale wakaguzi wa serikali wa usalama na afya kazini, walishapita, cheti kipo ukutani. Ile sheria ya usalama na afya kazini ya 2003 kwake imekuwa fremu ya kuning'iniza.

Mkuu wa fedha ndiye aliyenipendeza, ingawa ndiye mkali kuliko wote. Aliuliza tu: hela hii ikitoka, inarudi lini? Ningeweza kumdanganya, maana wauza programu za afya wana takwimu tamu za kila rangi. Nikamwambia kweli. Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Illinois, walichukua wafanyakazi karibu 5,000 wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakaingizwa kwenye mpango wa afya, wengine wakaachwa. Gharama za matibabu hazikupungua. Waliojitokeza kushiriki walikuwa wale wale ambao tayari ni wazima na hawana gharama kubwa. Akacheka: "Sasa wewe unatetea mpango au unauzika?" Bosi wangu akanikanyaga chini ya meza.

Hapo ndipo nikafungua mkoba nikatoa kibao.

Sijawahi kukwambia habari ya kibao. Kule kwenye kufungasha kuna akina mama ishirini na wawili kwenye laini moja. Ukutani kuna msumari, na msumarini kinaning'inia kipande cha mbao chenye kamba, kimeandikwa CHOO kwa makapeni. Anayekwenda anakivaa shingoni. Kama hakipo, unasubiri. Kimeshikwa na mikono mingi mpaka kinang'aa kama mwiko wa zamani. Basi wenzetu wamejifunza kutokunywa maji. Kuna mmoja ana mimba ya miezi sita, aliniambia, "Dada, mimi maji ni nikifika nyumbani." Wewe muuguzi, sina haja ya kukueleza daftari letu la huduma ya kwanza limejaa nini. UTI, UTI, kichwa kinauma, UTI.

Mkurugenzi alikishika kwa vidole viwili. "Hiki ni nini?" Miaka tisa yupo pale, shoga yangu. Meneja akajibu haraka kwamba bila kibao wanakwenda chooni kuchati.

Nikawaambia habari za Whitehall, ule utafiti wa watumishi wa serikali kule London ulioanza 1967. Wanaume kama 18,000, wote wa ofisini, hakuna aliyebeba zege. Wakubwa wetu hupenda kusema wao ndio wenye presha za kazi, sisi wengine tunalala usingizi. Kule walikuta wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na mabawabu, kiwango cha vifo vyao ni mara tatu ya kile cha wa ngazi ya juu, na sigara na mafuta mwilini havikutosha kueleza tofauti hiyo. Walipochunguza kundi jingine kuanzia 1985, wanaume na wanawake, wakaona kwamba asiye na kauli juu ya kazi yake mwenyewe ndiye ambaye moyo unamsumbua zaidi. Nikasema: hapa kwetu mtu hana kauli hata juu ya kibofu chake. Kimya. Mtu mmoja akakohoa.

Wakapitisha bonanza. Bajeti nzima, hata tenti. Habari ya kibao "itaangaliwa".

Ila jioni mkuu wa fedha akaja mezani kwangu, viatu mkononi, miguu imemvimba. Akaomba daftari na siku za ED, zile za ruhusa ya ugonjwa, za laini ile kwa miezi sita. Hakusema kitu, akaenda nalo nyumbani.

Kibao sikukirudisha. Jumatatu hadi Jumatano msumari ulikuwa mtupu, akina mama wakawa wanakwenda na kurudi kama watu, na katoni zilitoka idadi ile ile, nilizihesabu mwenyewe. Alhamisi nikapita tena. Msumari wa pili umepigiliwa pembeni ya ule wa kwanza, na vibao ni viwili, vipya, vimepakwa rangi na nembo ya kampuni. Nasikia kwenye ripoti vimeingizwa chini ya mpango wa afya.

Daftari bado yuko nalo. Kesho nitamfuata, nitakupigia.

Halafu nitumie saizi yako, nimekuwekea fulana ya bonanza. Zimebaki ndogo na zile kubwa sana.

Ni mimi shogayo